"Ticha, imekataa": dhana potofu kuhusu takwimu za makosa ya kompaila

Nafundisha programu jioni huku Majengo, chumba cha ghorofani chenye feni mbili na kompyuta kumi na moja. Neno ninalolisikia kuliko yote ni "Ticha, imekataa." Nikiuliza imekataa vipi, ujumbe wa kosa uliotolewa na kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo (maandishi ya programu) kwa kompyuta, ushafungwa zamani. Labda ndiyo sababu mazungumzo yetu ya baada ya darasa, kahawa mkononi, hayaishi kurudi kwenye makosa haya na njia ya kuyahesabu. Mengi yanayosemwa hapo hayashikiki.

"Hakuna asomaye ujumbe wa kosa." Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Kumbe mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya jaribio la watu 56 waliopewa kasoro za msimbo wa Java, lugha ya programu, wazitatue, huku kifaa kikifuatilia macho yao. Ujumbe waliusoma: asilimia 13 hadi 25 ya mitupo ya macho yao ilitua hapo, na kuusoma kuliwawia vigumu karibu sawa na kusoma msimbo. Tangu hapo, nikiambiwa "imekataa" nasikia "nimesoma, sikuelewa."

"Mwalimu mkongwe anayajua makosa ya wanafunzi wake, na ujumbe unaotokea sana ndio mbovu kuliko yote." Hizi ni dhana mbili, lakini huja zimeshikana mikono. BlueJ, programu ya kufundishia Java, ilianza mwaka 2013 kukusanya data za watumiaji waliokubali, katika mradi wa Blackbox wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Walimu walipoulizwa makosa gani yamezidi, majibu yao hayakulingana vizuri na data, wala wao kwa wao hawakukubaliana sana. Katika mwaka mmoja wa masomo kompaila iliendeshwa mara milioni 37, na wanafunzi zaidi ya 250,000. Mabano yasiyolingana yaliongoza kwa wingi, ila hurekebishwa upesi. Kulinganisha maneno kwa alama ya ==, ambayo katika Java haiangalii herufi zenyewe, ndiko kulikowakalia watu muda mrefu.

Na hapo pana mtego: kosa hilo la == halitoi ujumbe wowote. Kompaila hulipitisha kimya, na programu hujibu uongo baadaye. Mwenye kuhesabu ujumbe pekee asingeliona kamwe. Blackbox ililiona kwa kuwa ilihifadhi na msimbo wenyewe.

"Takwimu za matumizi ni upelelezi tu." Inategemea. Februari 2023 waundaji wa Go, lugha nyingine ya programu, walipendekeza takwimu za matumizi ya vifaa vyake zitumwe kwao mpaka mtu akatae. Zikapigwa kelele, wakageuza: tangu Go 1.23 ya Agosti 2024, hesabu hubaki kwenye mashine yako hadi uruhusu mwenyewe zitumwe. Vifaa vya .NET, vya Microsoft vya kuundia programu, hufanya kinyume, hutuma hadi uzime. Kwa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuambiwa data yake itatumikaje, basi uliza.

"Lazima wahesabiwe wote." La. Ripoti kama 16,600 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zinatosha kukisia ndani ya asilimia moja, kwa uhakika wa asilimia 99, hata watumiaji wakiwa milioni mia. Tatizo ni hilo la bahati nasibu: wanaokubali kutuma huenda si sawa na wanaokataa.

Darasani kwangu nimeweka daftari karibu na feni. Ukikwama, nakili mstari wa kwanza wa ujumbe, kisha uandike ulifanya nini. Juzi kijana mmoja aliambiwa faili limekwisha kabla ya wakati. Kompaila ilimwonyesha mstari wa mwisho, ilhali mabano aliyaacha wazi mistari arobaini juu. Aliufuta ule wa mwisho mara tatu na kuuandika upya mara tatu. Kwenye safu ya idadi nimetia moja, kwenye safu ya dakika, thelathini na tano.