Kijisanamu kidogo, brashi ndogo?

Wengi wanaoanza kupaka rangi vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, hapa Tanga na kwingineko, huamini kwamba kitu kidogo hupakwa kwa brashi ndogo kupita zote. Askari wa milimita 28 ana jicho dogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo mtu hutafuta brashi yenye nyuzi chache tu. Ni dhana inayoeleweka kabisa.

Lakini kinachochora ni ncha, si unene. Brashi namba 1 au 2, ambayo ni nene kuliko ile ndogo kupita zote, ikiwa nyuzi zake hukusanyika kama sindano, huchora mstari mwembamba vilevile, na tumbo lake, yaani sehemu nene ya nyuzi, hubeba rangi ya kutosha. Ile ndogo hubeba tone tu. Rangi ya akriliki hukauka maji yake yakipotea, na chini ya pangaboi tone hilo huweza kukauka kabla ya kufika kwenye jicho. Anayejifunza hudhani mkono wake ni mbaya, kumbe brashi imekauka. Hili huniuma, maana kuna wanaokata tamaa hapohapo.

Jaribu mwenyewe. Chovya brashi kwenye maji safi, ikung'ute, itazame: nyuzi zikikutana nukta moja, inafaa, zikigawanyika kama mkia wa mbayuwayu, iache. Kisha chukua nene na nyembamba, rangi ileile iliyozimuliwa kwa maji, uchore mistari kwenye ukucha wa kidole gumba. Hesabu mingapi inatoka kabla brashi haijaanza kukwaruza. Namba za kwenye mpini hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo angalia ncha yenyewe.