Cheksamu ya kifurushi isipolingana, usikimbilie kuibadilisha

Unatoa toleo jipya la programu, mtambo unakataa: cheksamu, yaani namba inayokokotolewa kutoka baiti zote za faili, hailingani na iliyorekodiwa. Wengi hunakili namba mpya, wakaibandika mahali pa ile ya zamani, kazi ikaendelea. Tafadhali usifanye hivyo kabla hujajua ni baiti zipi zilizobadilika. Anayepakua kifurushi chako anaitegemea namba hiyo kujua kwamba alichopata ndicho ulichokitoa.

Anza na namba yenyewe. Cheksamu zina aina: SHA-256 ina tarakimu 64 za heksadesimali (0–9 na a–f), SHA-1 ina 40, MD5 ina 32. Huenda unalinganisha aina mbili tofauti. SHA-256 ikianza na e3b0c442, karibu hakika faili lako ni tupu, halina hata baiti moja. Likiwa dogo kuliko kawaida, lifungue kwa kihariri cha maandishi: mara nyingi utakuta ukurasa wa HTML wenye ujumbe wa hitilafu wa seva, umehifadhiwa kwa jina la .tar.gz, kana kwamba ni kifurushi kilichobanwa.

Kinachosumbua zaidi ni faili lililokamilika, linalofunguka vizuri, na bado halilingani. Tarehe 30 Januari 2023 jambo hili liliwakumba watumiaji wengi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo ambayo GitHub huitumia, kuanzia toleo 2.38 iliacha kuiita gzip, programu ya nje ya kubana faili, ikaanza kubana yenyewe. GitHub ilipohamia toleo jipya, faili za msimbo inazozitengeneza papo hapo zikabanwa kwa njia tofauti. Msimbo ulikuwa uleule, herufi kwa herufi, lakini cheksamu zilibadilika, na kazi za waliotumia Bazel, zana ya kujenga programu, zilikwama. GitHub ilirudisha utaratibu wa zamani siku hiyohiyo.

Kwa hiyo pima kilichomo ndani, kwa faili zote mbili, la zamani na jipya:

gunzip -c kifurushi.tar.gz | sha256sum

Zikilingana hapo, tofauti iko kwenye ubanaji tu, au kwenye saa ambayo gzip huiandika mwanzoni mwa faili (gzip -n huiondoa). Zisipolingana, diffoscope, zana ya kulinganisha faili, itakuonyesha faili gani limebadilika. Mimi hushuku kwanza tarehe za faili, mpangilio wake, na miisho ya mistari iliyogeuzwa kuwa CRLF (herufi mbili za kumalizia mstari) kwenye Windows.

Tengeneza faili mara moja, pima, lipakie hilohilo, kisha lipakue upya ulinganishe. Na kama toleo lilishatoka, toa namba mpya ya toleo. PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, hairuhusu jina la faili kutumika tena hata ukilifuta, na naiunga mkono kabisa: kuna mtu tayari ameandika cheksamu ile kwenye mradi wake.