Ukaguzi huru kabla ya kununua gari la kifahari lililotumika

Ukaguzi huru kabla ya kununua ni uchunguzi wa gari lililotumika unaofanywa na fundi au mkaguzi asiye na faida yoyote katika mauzo hayo, kabla mnunuzi hajalipa bei wala kusaini mkataba. Unatofautiana na ukaguzi mwingine kwa sababu anayemlipa mkaguzi ni mnunuzi peke yake, na ripoti inakabidhiwa mnunuzi peke yake. Ikiwa mkaguzi amependekezwa na muuzaji, au anagawana kamisheni na dalali, au gereji yake ndiyo iliyokuwa ikilitengeneza gari hilo miaka yote, basi hata awe hodari kiasi gani, maneno yake ni ushahidi wa upande mmoja.

Kila gari lililotumika linafaa kukaguliwa, lakini kwa gari la kifahari haja hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu ya kifedha ambayo wanunuzi wengi huitambua wakiwa wamechelewa. Bei ya Range Rover, BMW 7 Series au Mercedes-Benz S-Class hushuka kwa kasi katika miaka yake ya mwanzo, kiasi kwamba likifika katika yadi za Nairobi au Dar es Salaam likiwa na miaka saba, linaweza kuuzwa kwa bei inayokaribiana na ya gari la kawaida la Kijapani lenye umri mdogo kuliko lenyewe. Bei ya spea zake haikushuka pamoja nalo. Giaboksi, kompresa ya hewa, taa za mbele na kompyuta ya breki bado zinauzwa kwa bei iliyopangwa kwa ajili ya mtu aliyeweza kulinunua gari hilo likiwa jipya kabisa. Kwa hiyo mnunuzi wa pili au wa tatu hununua kwa bei ya mtumba na kutengeneza kwa bei ya dukani, na ubovu mmoja tu ulioshindwa kuonekana siku ya mauzo unaweza kula sehemu kubwa ya kile alichodhani amekiokoa.

Tena ubovu wa magari haya una historia inayojulikana, na kila toleo lina yake. Injini ya dizeli ya BMW iitwayo N47, iliyoanza kutumika mwaka 2007, ilipata sifa mbaya kwa kuchakaa kwa cheni ya taimingi (inayoendesha vali za injini kwa wakati wake), na cheni hiyo imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo kuibadilisha si kazi ya asubuhi moja. Mercedes-Benz E-Class za kati ya 2002 na 2006 zilikuwa na mfumo wa breki unaotumia umeme na pampu, ambao huhesabu mara ngapi breki zimekanyagwa na kutoa onyo kifaa kinapofikia kikomo chake. Porsche Cayenne za mwanzo zenye injini ya V8 zilikuwa na mabomba ya plastiki ya maji ya kupozea, yaliyofichwa juu ya injini mahali pasipoonekana kwa urahisi, nayo hupasuka kwa joto na umri. Range Rover na Mercedes nyingi hukaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mfuko ukianza kuvuja, kompresa hufanya kazi kupita kiasi hadi nayo ife, na mmiliki aliyechoka na gharama huamua kuweka springi za kawaida kisha kuliuza gari bila kusema. Fundi bingwa wa Toyota anaweza kulitazama gari la aina hii kwa uaminifu wote na bado asijue pa kusikiliza. Ndiyo maana mkaguzi anapaswa kuwa huru na pia kuwa mjuzi wa chapa hiyo hasa. Sifa moja bila nyingine haitoshi.

Kuna kaguzi nyingine ambazo watu huzichanganya na hii. Wengi huamini kwamba gari lililopita mikononi mwa serikali limekwisha kukaguliwa. Ni kweli kwamba gari lililotumika linaloingizwa Kenya haliruhusiwi kuzidi miaka minane na hukaguliwa kwa kufuata kiwango KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kwamba Tanzania nayo ina masharti yake chini ya TBS, shirika la viwango la huko. Lakini ukaguzi wa aina hiyo unauliza kama gari linastahili kuwa barabarani: breki, taa, tairi, usukani, moshi. Hauulizi kama cheni itamaliza mwaka mwingine, wala kama giaboksi inateleza ikipata moto. Vilevile, ripoti ya uthamini inayotakiwa na benki au kampuni ya bima, ambayo nchini Kenya hutolewa na taasisi kama AA Kenya, chama cha wenye magari, miongoni mwa nyingine, inajibu swali la gari lina thamani gani sokoni. AA Kenya hukagua magari pia, hivyo ni muhimu mnunuzi atamke wazi anataka huduma ipi, maana karatasi yenye muhuri na tarakimu za mamilioni humtuliza mtu moyo hata kama hakuna aliyeingia chini ya gari.

Karatasi ya mnada kutoka Japani ni jambo jingine. Ni hati yenye manufaa: inatoa daraja la gari kwa jumla, hali ya ndani kwa herufi, na mchoro wa bodi wenye alama za mikwaruzo na mabonyeo, na gari lililopata ajali kubwa na kutengenezwa kwa kawaida hupewa R au RA badala ya namba. Hata hivyo, mkaguzi wa mnada hufanya kazi yake kwa muda mfupi, na anachokiandika ni hali ya gari siku ile kule Japani, kabla ya safari ya meli na kabla ya miezi ya kukaa juani yadini. Kwa gari lililotoka Uingereza, ambako magari mengi yenye zaidi ya miaka mitatu hupimwa kila mwaka katika jaribio liitwalo MOT, kuna hazina bora zaidi: historia ya vipimo hivyo husomwa bure katika tovuti ya serikali kwa kutumia namba ya usajili, ikionyesha kilomita au maili za kila mwaka, makosa yaliyolifanya gari lishindwe na tahadhari walizoandikiwa wamiliki. Mnunuzi wa Range Rover iliyotoka huko na asiyeulizia namba yake ya zamani anauacha ushahidi wa bure ukae bila kusomwa.

Ukaguzi wenyewe huanza kabla injini haijawashwa. Mkaguzi mzuri humwomba muuzaji asiliwashe gari siku hiyo, kisha huweka mkono juu ya injini kuhakikisha ni baridi, kwa kuwa mlio wa cheni iliyolegea na moshi wa oili hujitokeza zaidi katika sekunde za kwanza, na muuzaji anayelipasha gari moto kabla ya mgeni kufika amekwisha kuficha jambo hilo kwa kukusudia au bila kukusudia.

Bodi hupimwa kwa kifaa cha kusoma unene wa rangi kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 180. Mlango unaosoma 300 umepigwa rangi upya, na unaosoma zaidi ya 1,000 una puti chini yake. Ile mbinu ya kubandika sumaku, ambayo mafundi wetu wengi wanaipenda, haifai kitu kwa Range Rover za toleo lililoanza mwaka 2012, kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Rangi mpya peke yake si kosa. Bampa hukwaruzwa kila siku mjini. Swali ni kama nyuma ya rangi hiyo kuna nguzo au fremu iliyonyooshwa. Hapo mkaguzi hutazama lebo za mikanda ya viti, kwani mkanda uliotengenezwa miaka mitatu baada ya gari unaashiria kwamba wa awali ulibadilishwa, na mara nyingi sababu yake ni ajali.

Gari likiinuliwa, hutafutwa uvujaji, bushi zilizokufa na dalili za mafuriko: kutu kwenye bolti za viti, tope chini ya zulia, ukungu wa kijani kwenye viunganishi vya nyaya. Wanunuzi wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, ambako magari hupita upande wa kulia na usukani wa kushoto ndio unaofaa, huagiza sana kutoka Dubai, na wanapaswa kuyachukulia maji kwa uzito baada ya mafuriko makubwa yaliyoukumba mji huo Aprili 2024. Gari lililozama hukauka na kung'aa, lakini kompyuta zake huendelea kuoza ndani.

Sehemu ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote ni usomaji wa kompyuta. Gari la kifahari lina kompyuta nyingi, na kifaa cha bei nafuu kinachochomekwa chini ya usukani kwa kawaida husoma ya injini tu. Mkaguzi anapaswa kuwa na mfumo wa chapa husika au unaolingana nao, kama XENTRY kwa Mercedes-Benz, ISTA kwa BMW au PIWIS kwa Porsche, ili asome pia giaboksi, mifuko ya hewa ya usalama (ile inayofumuka wakati wa ajali), breki na usukani. Hapo ndipo kilomita zilizorudishwa nyuma hugunduliwa: namba ya kwenye dashibodi hubadilishwa kwa urahisi, lakini kumbukumbu za umbali mara nyingi hubaki katika kompyuta nyingine, na kwa baadhi ya BMW hata ndani ya ufunguo. Vilevile anayefuta hitilafu asubuhi ili taa ya onyo izimike huacha alama, kwa sababu kufuta huko hurudisha mwanzo majaribio ambayo injini hujifanyia yenyewe, na majaribio hayo huhitaji mwendo wa kutosha kabla ya kukamilika. Mkaguzi akikuta hayajakamilika kwenye gari ambalo muuzaji anadai hulitumia kila siku, ana haki ya kuuliza ni nani aliyefuta na alifuta nini. Baada ya hapo huja mwendo wa barabarani, mrefu wa kutosha hadi giaboksi ipate moto, wenye mlima na wenye mwendo kasi.

Jambo moja la usalama lisisahaulike. Mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, iliyofungwa katika mamilioni ya magari zikiwamo BMW na Mercedes-Benz, ilirudishwa kiwandani duniani kote kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, kisha hulipuka na kurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar ni ile ile inayoiharibu. Mkaguzi huangalia kwa namba ya chesisi kama kazi hiyo ilifanyika.

Muuzaji anayekataa gari likaguliwe anaweza kuwa na sababu ya haki, kwa mfano kuogopa gari lisitoke yadini bila bima. Sababu hiyo hutatuliwa kwa mkaguzi kulifuata gari lilipo. Akikataa hata hilo, mimi ningeondoka. Sheria nayo inaupa uzito ukamilifu wa ukaguzi. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na za Tanzania, ambazo asili yake ni sheria ya Uingereza ya 1893, zinamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili, lakini kwa mnunuzi aliyeichunguza bidhaa, ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo uchunguzi wake ulipaswa kuzifichua. Kulizunguka gari mara mbili na kupiga teke tairi kunaweza kukudhoofisha zaidi kuliko kukusaidia.

Ripoti nzuri huandikwa, huwa na picha, na hutenganisha kinachohatarisha maisha, kinachohitaji fedha mapema na kinachoweza kusubiri, kila kimoja kikiwa na makadirio ya gharama. Makadirio hayo ndiyo silaha ya majadiliano, kwa kuwa muuzaji hubishana kwa urahisi na hisia za mnunuzi na kwa shida na bei ya kompresa. Ripoti haithibitishi umiliki. Hilo linatafutwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya na TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania, pamoja na madeni ya mkopo. Tena inaeleza gari lilivyokuwa siku lilipokaguliwa tu. Malipo yakichelewa kwa wiki kadhaa, mnunuzi alinganishe kilomita zilizoandikwa na zilizopo, atazame kama tairi, betri na masega ya ekzosi (kichujio cha moshi) ni vile vile vya kwenye picha, na aombe kompyuta zisomwe tena kabla ya kupokea ufunguo.