Kitovu cha uzito: kiduara cha CG kwenye mchoro wa ndege ya balsa

Ukifungua boksi la ndege ya rimoti ya kuunda mwenyewe, utakuta mabamba ya balsa, mbao nyepesi sana, yaliyokwishakatwa, vijiti, nyaya mbili tatu na karatasi kubwa ya mchoro. Kwenye mchoro huo, chini ya bawa, kuna kiduara kidogo kilichogawanywa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe, na pembeni yake herufi CG. Wengi hukipita haraka kwa sababu hakina kipande cha kubandika. Mimi pia nilikipita.

Kiduara hicho ni kitovu cha uzito (CG ni kifupi cha Kiingereza, centre of gravity), yaani nukta ambayo uzito wote wa kitu ni kama umekusanyika hapo. Mchukuzi wa maji kwa mzegazega anaijua bila kufundishwa. Ndoo mbili zikilingana, mti anauweka begani katikati. Moja ikipungua maji, anausogeza mti mpaka bega likaribie ile nzito. Na sisi watu wa Tanga tuliokulia karibu na vyombo vya baharini tunajua kwamba shehena ikirundikwa tezi, yaani nyuma, omo, yaani mbele, inanyanyuka na chombo kinakuwa kigumu kuongoza. Ndiyo maana manahodha wana farumi: mchanga au mawe ya kusogezwa mpaka chombo kikae vizuri.

Tofauti ni kwamba jahazi linabebwa na maji urefu wake wote, lakini ndege inabebwa na bawa, basi. Kwa bawa la kawaida, nguvu ya kunyanyua huhesabiwa kama imekaa karibu na robo ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kwa hiyo ndege nyingi za kujifunzia huwekewa kitovu cha uzito kati ya asilimia 25 na 33 ya upana huo. Bawa la upana wa sentimita 20 litakuwa na alama mahali fulani kati ya sentimita 5 na 6.6 kutoka mbele. Ninaposema upana, nina maana ya mbele hadi nyuma, si ncha hadi ncha. Nimeshaona mtu akipima kinyume na kubaki anashangaa.

Kwa nini uzito ukae mbele? Tazama mshale. Chuma kiko kichwani, manyoya yako nyuma. Ukipinda kidogo hewani, manyoya yanaurudisha kwenye njia yake. Mkia wa ndege hufanya kazi hiyohiyo. Upepo ukiinua pua ghafla, uzito ulio mbele na mkia ulio nyuma vinasaidiana kuishusha, na rubani aliye chini huenda asijue hata kilichotokea. Kadiri kitovu kinavyorudi nyuma, msaada huo unapungua, hadi mahali ambapo haupo kabisa. Ukivuka hapo, kila kosa dogo linazaa kubwa: pua ikiinuka kidogo, inaendelea kuinuka.

Nililijua hilo kwenye kiwanja kimoja njia ya Pongwe, asubuhi na mapema kabla upepo wa kusi haujachangamka. Mkia ulikuwa umevunjika nyumbani, nikauunga kwa kipande cha balsa na gundi ya kutosha, tena nikaongeza nyingine kwa woga. Ndege ilipotoka mkononi ikapanda kama tiara iliyokatika uzi. Nikasukuma usukani pua ishuke, ikashuka mno. Nikavuta, ikasimama wima, ikakosa mwendo, ikaangukia bawa la kushoto. Wiki tatu za wembe na msasa ziliishia kwenye nyasi. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka, nikamwamkia, akaiinua ile maiti kwa vidole viwili katikati. Mkia ukalala. "Mwanangu," akasema, "hii shehena yote umeitia tezi."

Gundi ile haikufika gramu 10. Tatizo ni wenzo. Mkia ukiwa sentimita 60 nyuma ya kitovu, gramu 10 pale zinavuta 600, yaani gramu mara sentimita. Pua yangu iko sentimita 20 tu mbele, kwa hiyo kuzijibu gramu 10 za nyuma nahitaji gramu 30 za mbele. Hapo ndipo balsa yenyewe inapoingia kwenye hesabu. Mti huu wa Amerika ya Kusini, ambao sehemu kubwa ya mbao zake hutoka Ekwado, haulingani uzito. Mabamba mawili ya kipimo kimoja yanaweza kutoka boksi moja, na moja likawa zito karibu mara mbili ya mwenzake. Siku hizi nayaweka yote kwenye mizani ya jikoni kabla ya kubandika chochote. Jepesi kuliko yote linakwenda mkiani.

Kupima kitovu hakuhitaji chombo. Iweke ndege kamili, na betri yake, rafadha na magurudumu. Tia alama ya penseli chini ya kila bawa kwa kipimo cha mchoro, kisha iinue kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Inatakiwa itulie sawa, au iinamishe pua kidogo. Ndege yenye mabawa chini ya kiwiliwili ipime ikiwa imegeuzwa juu chini, la sivyo itapinduka vidoleni. Ya injini ya mafuta ipimwe tanki likiwa tupu, kwa sababu tanki kwa kawaida liko mbele, na mafuta yakiisha kitovu hurudi nyuma huku ndege ingali juu.

Ikiwa mkia unalala, anza kwa kusogeza betri mbele, ndicho kitu kizito unachoweza kukihamisha bure. Ikigoma, hamisha risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na mashine ndogo za kuvuta usukani. Madini ya risasi ya kuongeza uzito puani yawe ya mwisho, maana kila gramu unayoongeza bawa litaibeba. Pua nzito kupita kiasi nayo ina adhabu yake: ndege inataka mwendo mkubwa kutua, na haikubali kuinua pua karibu na ardhi. Bado, ya pua nzito hurudi nyumbani mara nyingi zaidi.

Ndege yangu ya sasa ina chubwi mbili za mshipi nilizonunua kwa wauza zana za uvuvi kule Deep Sea, Tanga, nimezibandika nyuma ya mota. Alama za penseli nimezifunika kwa utepe mwembamba mwekundu, ili hata gizani alfajiri vidole vizipate kwa kupapasa.