Hiyo si damu: sarara, uyoga na sosi ya mvinyo wa Dodoma

Kila wiki sahani moja au mbili hurudi jikoni na maneno yale yale: "Hii nyama ina damu, irudisheni motoni." Inarudi, inakaa dakika kumi zaidi, inatoka imekauka kama ngozi ya ngoma. Kisha mwenye sahani anahitimisha kwamba ng'ombe wa Dodoma ni wagumu, afadhali nyama ya kuagizwa. Hapana. Ng'ombe hana kosa. Kosa liko kwenye hilo neno "damu", na leo nataka tulimalize.

Damu ya ng'ombe humwagika machinjioni. Inayobaki ndani ya nyama ni kidogo mno. Kile kioevu chekundu unachokiona kwenye sahani ni maji ya msuli yaliyobeba mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli wenyewe. Kiangalie kwa karibu: kata steki, acha kioevu kitulie kwenye sahani nyeupe dakika tano, halafu inamisha sahani. Kinatiririka chepesi na mwanga unapita, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Sasa kumbuka beseni la damu mnyama anapochinjwa: baada ya dakika chache tu imeganda kama ini. Hiki cha kwenye sahani ukikiacha mpaka kesho hakigandi hivyo. Tena, kuku naye alikuwa na damu, mbona kidari chake ni cheupe? Kwa sababu misuli ile ina mayoglobini kidogo sana. Wekundu wa nyama unakuambia msuli ulifanya kazi gani na mnyama alikuwa na umri gani. Hausemi lolote kuhusu mchinjaji.

Kwa Waislamu swali la damu si dogo, nami nalichukulia kwa uzito. Aya ya 145 ya sura ya Al-An'aam katika Qur'ani inataja damu inayomwagika, na hiyo imeshamwagika kwenye kuchinja. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake. Sosi nayo nitaieleza na isiyo na mvinyo.

Nimesukumwa kuandika pia na mapishi ya baisoni yanayozunguka mtandaoni: steki ya kuchoma, uyoga, sosi ya mvinyo mwekundu. Baisoni ni yule nyati wa Marekani mwenye manyoya mazito mabegani, si mbogo wetu wa Ruaha na Rungwa. Buchani kwetu hayupo. Lakini somo lake ni letu kabisa, kwa sababu nyama yake ni nyekundu iliyokolea na ina mafuta machache, sawasawa na ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu aliyelishwa majani ya porini. Ukijua kumchoma mmoja, umejua kumchoma mwingine. Na wote wawili wanaharibiwa na kosa moja: kusubiri wekundu uishe.

Mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama huchelewesha joto kupenya, na hulainisha mdomoni hata nyama ikipitiliza kidogo. Nyama isiyo na mafuta haina kinga hiyo. Kuanzia kama nyuzi 60 hivi, tishu zinazofunga misuli hunywea na kuikamua nyama maji, kama mtu anavyokamua shuka. Ukifika 70 maji mengi yameshaangukia kwenye mkaa. Kwenye steki nyembamba iliyo juu ya moto mkali, kati ya 60 na 70 kuna dakika mbili au tatu tu. Huko ndiko nyama inakofia.

Watu watasema: mbona mbavu za mbuzi pale mnadani Msalato, hapa Dodoma, zinakaa motoni zaidi ya saa nzima na zinatoka laini? Swali zuri, na hapa ndipo mkanganyiko ulipo. Mbavu zina mafuta, zina mfupa, na zina tishu nyingi ngumu ambazo moto wa polepole huzigeuza kuwa jelatini ile inayonata vidoleni. Choma ile inataka muda. Sarara, ile nyama ya kandokando ya uti wa mgongo, haina cha kuyeyusha. Ukiipa muda wa mbavu, unaikausha tu. Wachomaji wetu wa mbavu ni mafundi wa kweli, ila kanuni ya mbavu haihamishiki kwenda kwenye sarara.

Buchani usiseme "nipe steki." Kwetu steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa, na utapewa ya paja au ya bega, safi kabisa kwa mchuzi. Sema sarara au fileti. Ikatwe unene wa sentimita tatu na nusu, kama gramu 250 kwa mtu. Muuza bucha atataka kuikata nyembamba, maana ndivyo amezoea. Simama pale mpaka aelewe. Vipande vinne vyembamba haviwi sawa na viwili vinene, kwa sababu chembamba kinaiva katikati kabla ngozi yake, yaani uso wa nje, haijapata rangi. Na uangalie mhuri wa mkaguzi.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulipuuza: nyama iliyochinjwa alfajiri na kuchomwa mchana ni ngumu kwa sababu misuli imekakamaa baada ya kufa. Ilaze. Siku tatu au nne kwenye friji isiyozidi nyuzi 4, juu ya kiwavu ili hewa ipite chini, mbali na vyakula vingine. Ngozi itakauka na kuwa nyeusi kidogo, sawa tu. Umeme wako ukiwa wa kukatika saa nyingi, usijaribu. Papai bichi silitumii kwenye steki: juu nyama inakuwa uji, ndani inabaki vile vile.

Sasa, tunajuaje imeiva? Si kwa rangi. Rangi inadanganya pande zote mbili. Nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla haijawa salama. Na nyama ya mnyama aliyechoka, aliyeswagwa umbali mrefu au kukaa njaa kabla ya kuchinjwa, inabaki nyekundu hata ikipita nyuzi 63, kwa sababu sukari ya misuli iliisha akiwa hai na asidi yake haikupanda inavyotakiwa. Utaitambua mapema: buchani huwa nyeusi-nyeusi, kavu, inanata. Mtu anayesubiri nyama hiyo iache wekundu atasubiri mpaka iwe kuni. Kubonyeza kwa kidole nako sikuamini, maana sarara ya ng'ombe mzee ni ngumu hata ikiwa mbichi.

Nunua kipimajoto cha sindano. Kabla ya kukiamini kijaribu kwenye maji yanayochemka, na hapa wengi hukosea: Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kipimajoto kinachosoma 96 ni kizima. Usikitupe. Kinachosoma 100 hapa ndicho kinachozidisha.

Nichome mpaka ngapi? Hapa nina mashaka, na sitayaficha. Vitabu vya nje vinapenda nyuzi 54 mpaka 57 kwa nyama kama ya baisoni, na kwa ladha vina haki. Vijidudu vingi vya kipande kizima viko juu ya ngozi, na moto unaviua. Lakini ng'ombe wetu wanaweza kuwa na vifuko vya minyoo tegu ndani ya msuli, na mkaguzi mwenye kisu hawezi kuona kila kimoja. Kwa hiyo sarara ya hapa naipeleka 63, naipumzisha, na siteremki chini ya hapo. Napoteza ulaini kiasi. Nakubali hasara hiyo. Na kwenye 63, jamani, katikati bado kuna uwaridi na kioevu bado kina wekundu, na nyama ni salama. Nyamapori naila ya bucha yenye kibali tu, naipika zaidi ya hapo, na ya kificho siigusi kabisa. Mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata ukimchemsha kutwa.

Chumvi: nusu kijiko cha chai kwa kipande cha gramu 250, saa moja kabla, au dakika ileile unayoweka motoni. Katikati ya hapo maji yanakuwa yametoka na hayajarudi, na nyama iliyolowa haishiki rangi, inachemka. Ifute kwa kitambaa kikavu. Pilipili manga mwishoni.

Mkaa uwe umefunikwa na majivu ya kijivu, umerundikwa upande mmoja wa jiko, upande wa pili mtupu. Kiganja chako sentimita kumi juu ya wavu kivumilie sekunde mbili, tatu. Upepo wa kuanzia Juni mpaka Septemba huku kwetu unamaliza mkaa haraka na kupuliza majivu kwenye nyama, kwa hiyo zungushia bati. Paka nyama mafuta kidogo, iweke upande wa moto, geuza kila dakika. Ndiyo, kila dakika. Anayesema steki igeuzwe mara moja tu anaivisha ukingo na kuacha katikati. Dakika nne au tano hivi itakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Ihamishie upande mtupu, choma sindano katikati kupitia ubavuni. Kwenye 60 itoe, iweke kwenye sahani ya moto dakika saba. Itapanda yenyewe mpaka 63. Pima tena ikiwa imepumzika. Isipofika, irudishe upande mtupu dakika moja.

Uyoga haraka. Uyoga aina ya mamama gramu 300 kwa watu wawili, uuchane kwa mkono, usiuloweke. Kikaango kikavu, moto mkali, bila mafuta. Utatoa maji, utanywea, na sauti itabadilika kutoka kuchemka kwenda kukaangika. Hapo ndipo unaweka kijiko cha siagi na punje ya kitunguu saumu, na chumvi mwisho. Ule wa kichuguuni wakati wa masika ni mtamu kuliko wote, lakini nunua kwa anayeujua tangu utoto. Maandishi hayamfundishi mtu kuchuma uyoga wa porini.

Sosi. Naiita sosi kwa makusudi, maana huku "mchuzi wa zabibu" ni juisi iliyokamuliwa inayosubiri kuwa mvinyo, na ukimwambia mkulima wa Hombolo "mchuzi wa mvinyo" hamtaelewana. Tumia mvinyo mwekundu mkavu wa zabibu ya Makutupora, ule ambao sukari yake imeisha kwenye pipa. Mvinyo mtamu ukiupunguza unageuka jamu, na hakuna chumvi itakayouokoa. Na usiupike kwenye sufuria ya aluminiamu. Asidi inakula sufuria, sosi inapata ukijivu na ladha ya senti mdomoni. Tumia ya chuma cha pua au ya enameli.

Kaanga kitunguu maji kimoja kidogo kilichokatwa laini mpaka kilainike, bila kuungua. Mimina mvinyo mililita 250, upungue mpaka ibaki theluthi. Ongeza mililita 250 za supu ya kongoro isiyo na chumvi, isiyo na ndimu, iliyochemshwa saa nne au tano na kuenguliwa mafuta. Kongoro ndilo siri ya uzito: supu yake ikipoa inatetemeka kama jeli, kwa hiyo unga wa ngano hauhitajiki. Punguza tena mpaka ipake mgongo wa kijiko na alama ya kidole ibaki. Chumvi sasa, si mapema, kwani kila kinachopungua huzidisha chumvi. Kwa asiyekunywa, acha mvinyo kabisa na tumia vijiko viwili vya ukwaju mzito uliochujwa pamoja na supu ileile. Usimwambie mgeni kwamba kileo chote kimeruka na moshi. Hakiishi chote.

Steki sasa imepumzika, na kwenye sahani yake kuna kile kioevu chekundu, labda vijiko viwili. Kimimine chote kwenye sosi inayofukuta na uangalie: kinaingia chekundu, kinafanya utando, na kabla hujahesabu kumi kimekuwa kahawia na kuyeyukia ndani. Epua, tia gramu 30 za siagi ya maziwa iliyo baridi, ile halisi, si ya mimea, kipande baada ya kipande huku ukizungusha sufuria. Isichemke tena, itakatika. Kata nyama kukingama nyuzi zake, uyoga pembeni, sosi juu, ipelekwe mezani ingali moto.