Je, wajua kwa nini beberu hujikojolea ndevu?

Ukipita karibu na banda la mbuzi, iwe Newala au Nachingwea huku kusini mwa Tanzania, utajua kama lina beberu kabla hujamwona. Mtazame anapokuwa na hamu ya jike. Anapinda mgongo, anaingiza kichwa katikati ya miguu ya mbele, kisha anajirushia mkojo kwa vitone vya harakaharaka usoni, kwenye ndevu na nyuma ya miguu hiyo. Mwingine anaukinga hata mdomoni. Halafu anainua shingo, anakunja mdomo wa juu na kutulia hivyo kwa sekunde kadhaa.

Hajaugua. Anajipaka manukato, na majike wanayapenda.

Mkojo ni sehemu tu ya harufu hiyo. Sehemu kubwa hutoka kwenye tezi za ngozi zilizo nyuma ya mashina ya pembe, ambazo hufanya kazi kwa nguvu ya homoni za korodani. Ndiyo maana mbuzi aliyehasiwa mapema hanuki. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyowavika mabeberu kofia maalumu za kunasa hewa ya kichwani, wakaitenganisha, wakapata kemikali iitwayo 4-ethiloktanali. Majike walipoinusa, sehemu ya ubongo inayoamuru homoni za uzazi iliamka. Kwa maneno mengine, harufu ya beberu humwandaa jike kupevusha mayai.

Kule kukunja mdomo nako kuna kazi. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Nyuma ya ufizi huo mgumu kuna vijitundu viwili vinavyopeleka harufu kwenye kiungo kidogo cha kunusia kilicho juu ya kaakaa. Beberu hunusa mkojo wa jike, anakunja mdomo ili hewa ifike huko, na hapo anajua kama jike yuko kwenye joto, yaani tayari kupandwa.

Sasa, wafugaji wengi wa huku huacha beberu azurure na majike mwaka mzima. Majike wakimzoea, harufu yake haiwashtui tena, na vitoto huzaliwa ovyoovyo, vingine katikati ya masika banda likiwa tope. Afadhali umtenge. Mweke mbali kiasi kwamba majike hawamwoni, hawamsikii wala hawamnusi, kwa wiki nne hivi, kisha umrudishe. Majike waliokuwa wamesimama kupata joto wataanza kupevusha mayai ndani ya siku chache. Usikate tamaa baadhi wakipandwa wasishike: mzunguko wa kwanza mara nyingi huwa mfupi, siku tano hadi saba, na joto linalofuata ndilo la kutegemea. Muache beberu humo angalau siku 45, ili kila jike apate nafasi ya pili.

Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi. Ukimrudisha beberu katikati ya Juni, majike wakiwa bado na mwili mzuri baada ya mvua, uzazi utaanza katikati ya Novemba, miti ya porini ikiwa imechipua. Ugumu uko Septemba na Oktoba: majani yamekauka, na mtoto tumboni anakua kwa kasi kuliko wakati wowote. Hapo ongeza majani ya miti, maganda ya kunde na mabibo kwa kiasi. Mabibo yaliyochacha usiwape.

Beberu mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30. Kijana wa chini ya mwaka, usimpe zaidi ya kumi. Na watenge vitoto vya kiume wakifika miezi mitatu, la sivyo watawapanda dada na mama zao.

Mwenye majike watatu tu, asiye na beberu, anaweza kuazima harufu. Sugua kitambaa safi nyuma ya pembe za beberu wa jirani, kifunge kwenye kopo lenye mfuniko, umnusishe jike asubuhi na jioni. Aliye kwenye joto atakisogelea, atatikisa mkia na kulialia. Joto hudumu siku moja hadi mbili: akionyesha asubuhi, mpeleke kwa dume jioni. Joto lisiporudi kati ya siku ya 18 na ya 24, kuna matumaini.

Kumwosha beberu ili asinuke ni kujipunguzia faida. Kama unakamua, mtenge na majike wa maziwa, kwa sababu maziwa hunyonya harufu. Mkojo ukimchubua ngozi ya uso au miguu, safisha kwa maji, kausha, paka vaselini.

Ila usichanganye vituko hivi na ugonjwa. Beberu anayejirushia mkojo ni mchangamfu na mkojo unatoka. Anayesimama akijikamua, akilia, akitingisha mkia, huku akitoa matone tu au asitoe kitu, huenda amezibwa na mawe kwenye njia ya mkojo. Huwapata zaidi wanaoshindiliwa pumba za mahindi na kunyimwa maji, na kwenye vijiji vya uwanda wa Makonde maji ya kununua huwa ya mwisho kufika kwa mbuzi. Usingoje kesho, kibofu kinaweza kupasuka. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.