Wote wanaoitwa Trent si lazima wawe ukoo mmoja

Wengi wanaamini ukikuta watu wawili jina lao la mwisho ni Trent basi hao ni wa babu mmoja na wana ngao ya ukoo wao, yaani ile nembo ya familia yenye picha ya ngao. Inaeleweka kabisa, maana kwetu jina la mwisho mara nyingi ndo babu mwenyewe. Ila Trent ni mto wa Uingereza, una urefu wa kilomita 298 hivi, unaanzia Staffordshire unapita karibu na Nottingham mpaka Humber, mlango mpana wa mto unaoingia baharini, sasa zamani majina ya ukoo yalipokuwa yanashika, kati ya karne ya 11 na 15, mtu akihamia kijiji kingine wanamuita tu "wa Trent", na mto mrefu hivyo wametoka watu wangapi wasiojuana! Halafu Dorset, jimbo la kusini mwa Uingereza, kuna kijiji nacho kinaitwa Trent, mbali kabisa na huo mto. Ngao nayo kule hupewa mtu na kizazi chake, jina lenyewe halipewi. Ukitaka kuhakikisha anza na mzazi, kisha babu, rudi taratibu mpaka sensa ya 1881 na rejista za parokia, yaani vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi, hizo zilianza 1538, uangalie kila aliyeandikwa alikuwa anaishi wapi.